Dengu za Shangazi Yako

Nzega, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Mihayo,

Sikuulizi hujambo, maana nakuona kutoka hapa barazani nilipokaa. Umelifunga sanduku kwa kamba mara tatu, na mara tatu mama yako amelifungua, kwa sababu kila akikumbuka kitu lazima akipenyeze humo. Sasa hivi ni karanga. Mwache tu. Utafika chuoni ukinuka jiko la nyumbani, na wenzako watakufuata kwa pua.

Najua kumwandikia barua mtu aliye hatua ishirini mbele yako ni kichekesho. Lakini unanijua, ulimi wangu ni mzito. Hata posa ya mama yako niliipeleka kwa barua ilhali kwao ni ng'ambo ya kijito tu, na mpaka leo akikasirika huniuliza kama nataka kumjibu kwa posta. Tangu majibu ya chuo yalipokuja nimejaribu kukueleza jambo moja, na kila nikianza najikuta nazungumzia mvua. Basi nimechukua karatasi. Utaisoma kesho ndani ya lori, mkishaiacha Nzega nyuma, ambapo huwezi tena kuniangalia usoni.

Habari za kufua shati, kusali na kutoazima sabuni ya mwenzio mama yako ameshazisema, na kesho alfajiri atazirudia. Sizigusi. Mimi nitakueleza habari za mnyauko wa dengu. Kwanza kwa sababu ndio unaokwenda kuusomea. Pili kwa sababu mnyauko huo ndio uliomtoa shangazi yako Nyamizi katika nyumba hii. Tulikuambia amekwenda Tabora kuolewa. Hakuolewa. Nilimfukuza mimi, yeye dada yangu wa tumbo moja, kwa mdomo wangu na mbele ya watu.

Nimeliandika. Nimeinuka nikanywa maji, na sasa nimerudi.

Nianze mbali kidogo. Babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na vitambaa vya watu wengine begani, na njia ile aliijua kwa nyayo kuliko wewe unavyoijua njia ya kisimani. Safari yake ya mwisho Mhindi mmoja wa dukani alimpa konzi mbili za dengu atafune njiani. Hakuzitafuna zote. Zilizobaki alizifunga kwenye pindo la shuka, akatembea nazo siku zote hizo, na alipofika akazipanda kwenye mbuga yetu nyeusi mvua zikiwa zinaondoka. Watu wakamcheka. Nani anapanda masika yakiaga? Dengu zikaota. Hazikuhitaji mvua, zilikunywa unyevu uliobaki chini ya ule udongo unaopasuka. Mpaka leo, nikiona shamba la dengu limesimama kijani wakati ng'ombe wanalamba vumbi, moyo wangu hushtuka. Nawaza jinsi chakula cha nyumba nzima kilivyosafiri ndani ya fundo la nguo ya mtu aliyechoka.

Sasa shangazi yako. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Aliolewa Igunga, akakaa huko muda mrefu, hakujaliwa mtoto, mume akafa, na ndugu wa mume wakamwambia arudi kwao. Alirudi na mkeka, mtungi na kibuyu cha dengu. Dengu za huko zilikuwa ndogo, za kahawia iliyokolea, zimekunjamana kama uso wa bibi kizee. Zetu, zile za babu yako, zilikuwa nono na za manjano. Katika ukoo wetu mwanamke akirudi nyumbani na mbegu, mbegu yake huchanganywa na ya nyumbani kwenye ungo mmoja kabla ya kupanda, ili asiwe na shamba la pembeni kama mgeni. Ungo niliushika mimi mwenyewe. Nyamizi akamimina kibuyu chake, tukapepeta pamoja, na akanitania kwamba dengu zangu zimenenepa kwa kukosa kazi. Nilimjengea kijumba mwisho wa shamba, upande wa magharibi.

Utamkumbuka kidogo. Ulikuwa unang'oka meno ya mbele, naye alikukaangia dengu kwenye kigae na kukuambia kwamba zile unazotafuna upande usio na meno hazihesabiwi, kwa hiyo anakuongezea. Mama yako alimpenda. Wawili hao wakikaa kuchambua mboga, mimi nilikuwa sina nafasi hata ya kukohoa.

Mwaka ule ule, maua yalipoanza kutoka, kona ya mashariki ya shamba ililala. Sisemi ilikauka. Asubuhi miche ilikuwa imesimama, jioni majani yakainama yakiwa bado ya kijani, na siku chache baadaye ikawa imekufa ikiwa wima. Nikachimba. Udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha kushikamana mkononi. Mzizi ulikuwa mzima, haukuwa na mdudu wala haukuoza. Mmea unakufa kwa kiu na miguu yake imo majini! Nimelima tangu nikiwa sijui kuvaa suruali, na sikuwahi kuona kitu kama hicho. Niliogopa, mwanangu. Niseme tu kwamba niliogopa.

Mama yako aliniambia, "Subiri. Tuwaulize waliolima dengu zaidi yetu." Sikusubiri. Nilikwenda kwa mganga, mimi niliyekuwa nasoma somo kanisani kila Jumapili. Nilipita vichakani na kifaranga ndani ya koti, nikiomba kisilie. Mganga akakipasua, akatazama matumbo, akasema aliyeharibu shamba ameingia kwa mlango wa mbele na ana damu yangu. Sikuuliza la pili. Mtu akishaogopa hahitaji mganga hodari, yeyote atatosha.

Niliporudi nikang'oa ile miche yote iliyolala, mizizi na udongo wake, nikaifunga mzigo mkubwa kwa kamba za katani. Nikaubeba begani kukatisha shamba zima, kutoka mashariki mpaka magharibi, kwenye kijumba cha dada yangu. Majirani walikuwa wanapalilia, wakaacha majembe wakanifuata, maana mtu aliyebeba mzigo kwa hasira anavutia kuliko ngoma. Mmoja nyuma yangu akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Maneno hayo yalinipa nguvu miguuni.

Nyamizi alikuwa anatwanga. Akaniona ninavyohema, akasema, "Tua mzigo kwanza, mdogo wangu, utavunjika mgongo."

Niliutupa mlangoni pake. Nikasema yote. Kwamba amekuja na uchawi wa Igunga kwenye kibuyu, kwamba ameshindwa kuzaa na sasa anataka shamba langu nalo liwe tasa. Neno hilo la mwisho, Mihayo, nililisema. Ningeweza kuliacha nje ya barua hii na usingejua, lakini basi ningekuwa nimekuandikia barua ya uongo mwingine.

Hakulia. Aliinama akaokota mche mmoja, akaugeuza geuza, akabonyeza udongo uliokuwa kwenye mizizi. Akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Mbona una kiu, na udongo wake umelowa?"

Watu wazima wote tuliokuwa pale, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali. Siku ya pili alijitwisha mkeka wake akaishika ile njia ya zamani ya wapagazi kwenda Tabora, kwa miguu. Kibuyu alikiacha. Mama yako alimsindikiza mpaka kijitoni, na aliporudi hakunisemesha siku nane. Nilihesabu.

Ngoja nikoleze wino, umeanza kufifia.

Mwaka uliofuata tulibomoa kijumba na kulima mpaka pale kilipokuwa, na tukapanda. Maua yakatoka. Na shamba, mwanangu, likaandika. Kutoka kona ya mashariki mnyauko ulitoka mwembamba kama kijia, ukakata katikati ya dengu nzima kwenda magharibi. Palipokuwa na kichuguu ulizunguka kichuguu. Palipokuwa na mfereji ulipanuka, pale nilipoteleza mwaka uliotangulia na mzigo ukafunguka. Ukaenda mpaka palipokuwa na mlango wa Nyamizi, na hapo ukatanda kama mkeka. Nilisimama ukingoni nikautazama wote. Na unajua nilisema nini? Niliwaambia watu, "Mnaona? Ameacha dawa njiani." Miguu yangu mwenyewe imeandikwa mbele yangu nami nikaisoma kwa jina la mtu mwingine.

Baada ya mwaka mwingine serikali ikaleta kambi ya majaribio ya mazao upande wa pili wa mbuga. Mzungu wao alikuwa akija na kuondoka. Aliyekuwa pale siku zote ni msaidizi wake, Bwana Yohana, mtu wa Songea, mfupi, kaptula yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Nikapata kazi ya kulinda vitalu. Siku moja nikamweleza habari za shamba langu, naye akaja kuliona, akatembea kwenye ule mstari wa miche iliyolala kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma.

Akaniuliza, "Nani alipita hapa na miche iliyokufa?"

Nikasema, "Kwa nini mtu apite?"

"Ugonjwa huu hauna miguu, Bwana Antoni. Haukatizi shamba hivi. Umebebwa na mtu, pamoja na udongo."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Akanichukua mpaka kile chumba chao cha bati. Akachukua shina la mche uliolala akalipasua kwa wembe, chini mpaka juu. Katikati ya shina ulipita mstari wa kahawia iliyokaribia weusi, mwembamba kama utambi. Nilikuwa nimechimba mizizi mingi nikaitazama kwa nje, nje ni nzima. Sikuwahi kupasua hata shina moja. Akakwangua kidogo kutoka kwenye ule mstari, akaweka chini ya darubini ya mezani, akaniambia niinamishe jicho.

Nilitegemea kuona kitu kibaya, chenye meno. Niliona nyuzi zinazong'aa, na kati ya nyuzi vimbegu vilivyopinda kama mwezi mchanga, vingi, vimelala kila upande. Vilikuwa vizuri. Sijui nikuambieje. Vilikuwa vizuri kiasi kwamba nilisahau ninatazama kilichoniulia shamba. Bwana Yohana akasema hiyo ni kuvu, ndugu wa ule ukungu unaoota kwenye ugali uliolala, na kwamba inaweza kukaa udongoni miaka mingi bila dengu hata moja, imejifunga ndani ya ganda, inangoja mzizi. Labda ilikuja na kibuyu cha Igunga. Labda ilikuja na fundo la nguo la baba yangu. Labda ilikuwa humo kabla ya watu. Alisema hawezi kujua, na hakuona aibu kusema hawezi kujua. Hilo nalo lilinishangaza kwa mtu mwenye pasi kama ile.

Nikamuuliza, "Kitu kidogo hivi kinaangushaje shamba?"

"Kesho njoo mapema," akasema.

Nilipofika alikuwa na chupa ambayo kuvu ilikuwa imeoteshwa ndani ya mchuzi wa sukari kwa majuma kadhaa, na mchuzi umegeuka rangi. Akauchuja kwa chujio la udongo mweupe wa kuchomwa, nene kama mshumaa, tone kwa tone, polepole mpaka nikataka kusinzia. Kilichopita kilikuwa safi. Akaweka tone lake chini ya darubini, akanipa nitazame. Hapakuwa na nyuzi wala miezi. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Hapakuwa na kitu.

Akapanga bilauri tatu dirishani. Ya kwanza maji ya kisima. Ya pili mchuzi ule ule ambao haukuoteshwa kuvu. Ya tatu yale yaliyochujwa. Katika kila moja akasimamisha kitawi cha dengu nzima, vyote vimekatwa asubuhi ile kwenye kitalu kisicho na ugonjwa. "Nenda kalinde vitalu vyako," akasema, "urudi alasiri."

Sikulinda kitu siku ile. Kama ng'ombe wangeingia wangekula mpaka wakashiba.

Alasiri nikarudi. Vitawi viwili vimesimama, majani yamechangamka. Cha tatu kimeinama. Shingo yake imelegea ukingoni mwa bilauri, majani yamejikunja, na maji yamejaa chini yake. Ndivyo kona yangu ya mashariki ilivyolala, Mihayo, ile ile kabisa, ndani ya bilauri.

"Kuvu haimo humu," Bwana Yohana akasema. "Umeangalia mwenyewe. Humu kuna kilichotemwa na kuvu tu."

"Sumu?"

"Sumu."

Nikamuuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Nani ameitia?"

Akanitazama, akaelewa kwamba siulizi habari za bilauri. Akasema taratibu, "Hakuna nani, Bwana Antoni. Kuvu inakula, na inapokula inatema. Haimjui mtu."

Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria naacha jembe. Alisema mmea nao haukai kimya. Ukihisi adui anapanda ndani ya mishipa yake ya maji, hutoa utomvu kuiziba mishipa hiyo ili asifike juu. Wakati mwingine unaziba kupita kiasi, na maji nayo hayapiti. Alisema wataalamu wenyewe bado wanabishana ni sehemu gani ya kifo inatoka kwa sumu na ni sehemu gani mmea umejinyima maji kwa kujihami. Hilo ndilo jibu la shangazi yako. Ndiyo maana ulikuwa na kiu na udongo wake umelowa. Aliuliza akiwa ameinama mlangoni pake, anatukanwa, swali ambalo watu wanasafiri kutoka Ulaya na vyombo vyao kulijibu.

Nilitoka nje nikakaa juu ya debe. Haikuwa huzuni peke yake iliyonikalisha. Ulikuwa mshangao mkubwa kama ule unaoniingia kanisani wakati kengele inapolia na kila mtu anapiga magoti. Vita vikubwa namna ile vinapiganwa chini ya nyayo zetu, ndani ya shina lisilozidi unene wa kijiti cha kiberiti, kila siku, kimya, na sisi juu tunatafuta mchawi. Nilijiona mdogo. Na kwa muda mfupi, nisikufiche, nilifurahi kuwa mdogo.

Ningekwenda Tabora wiki ile ile, sasa hivi ningekuwa nakuandikia barua nyingine. Sikwenda. Hapa ndipo kosa langu hasa lilipo, maana lile la kwanza nililifanya kwa kutojua, na hili nililifanya nikijua. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno nikasema baada ya Krismasi. Aibu ni kitu cha ajabu, ukiilaza siku moja inaamka imeongezeka. Imekuwa miaka sita tangu siku ya bilauri tatu, na tisa tangu siku ya mzigo.

Na bado sijakueleza baya kuliko yote.

Katika ule mstari uliolala, kulikuwa na miche iliyosimama. Michache, huku mmoja na kule mmoja, imezungukwa na maiti. Bwana Yohana aliifunga vitambaa vyekundu, akaniambia niivune peke yake. Nilipoipura mkononi zikatoka dengu ndogo, za kahawia, zilizokunjamana. Zile za kibuyu. Si kila mche wake ulipona, mingine ililala pamoja na ya kwetu, lakini iliyopona yote ilikuwa yake. Za babu yako hazikubaki hata moja. Nikazipanda tena, zikapona zaidi. Nikawapa majirani. Leo mbuga nzima inapanda mbegu hiyo, na unajua wanaiitaje. Dengu za Baba Mihayo. Nimeitikia jina hilo njiani, sokoni na kwenye ngazi za kanisa. Tumekula dengu za mtu niliyemwita mchawi, tukashiba, na nikapokea pongezi.

Mama yako alijua. Kila alipozibandika jikoni alisema, "Dengu za wifi yangu zinachelewa kuiva, mwambie Baba Mihayo avumilie." Alinisema hivyo kwa miaka yote bila kupandisha sauti, na ninamshukuru.

Halafu ukaandika barua yako ya kuomba nafasi ya chuo. Ulinisomea hapa hapa barazani. Uliandika kwamba baba yako, mkulima asiye na shule kubwa, ndiye aliyeipata mbegu isiyonyauka, na kwamba unataka kujifunza ili uendeleze kazi yake. Ulisoma vizuri sana. Nilikuona unajivuna kwa ajili yangu, nikakosa nguvu ya kukuvua fahari hiyo, nikasema, "Weka koma hapo." Koma! Ndiyo msaada nilioutoa. Barua ikaenda na majibu yakaja. Kwa hiyo mlango wa chuo umefunguliwa kwako kwa jina langu, na jina lililostahili ni la Nyamizi. Ukifika, fanya utakavyoona na habari hiyo. Sitakukasirikia ukiwaambia.

Wosia mkubwa sina. Watakufundisha jina la kuvu na jina la sumu, kwa Kizungu na kwa Kilatini, na nitapenda unifundishe kuyatamka. Lakini siku wakikutuma kijijini na ukakuta shamba limelala, kabla hujapasua shina, tazama waliokuja kukupokea, halafu uliza ni nani hayupo. Huwa kuna mtu hayupo.

Sasa ya kesho. Lori litakufikisha Tabora jioni na treni yako ni ya keshokutwa. Nilikuambia utalala Kitete, pale pale mjini, kwa mama mmoja wa kanisani. Mama huyo ni shangazi yako. Amepanga chumba na ua mdogo, anakaanga bajia za dengu na kuuza, na watu wanasema hakuna wa kumfikia. Nilimtuma mwanamke mmoja wa hapa anayekwenda hospitali kumwangalia nduguye, akamuulize kama atakupokea. Alijibu, "Mtoto aje, atalala." Akaulizwa kama ana neno la kumpelekea mdogo wake. Akaendelea kuchekecha unga.

Nilipoanza kuandika mchana nilikuwa nimekupangia kazi. Ungefika, ungemsomea kurasa hizi, ungeniombea msamaha, na mimi ningekaa hapa nikingoja jibu kwa posta kama kawaida yangu. Nilikuwa hata nimetunga maneno ya kukupa. Sasa jua linashuka, nimeyasoma tena, na nimeona haya. Mzigo ule niliubeba mwenyewe. Sikumtuma mtu.

Nimemwita mama yako nikamwambia anitafutie lile shati langu jeupe, nakwenda Tabora na mtoto. Hakuacha alichokuwa anafanya. Akasema, "Nimelipiga pasi tangu juzi."

Kwa hiyo ukiisoma barua hii nitakuwa nimekaa ubavuni pako ndani ya lori, ninatazama nje. Usiniambie kitu. Soma mpaka mwisho, uikunje, uitie mfukoni.

Siku ile niliingia uani kwake bila salamu. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui kutembea, nilimpita kama nampita mbuzi, na tangu hapo hajapata shikamoo yake kutoka kwangu. Tukifika Kitete wewe simama nyuma yangu, na usinisaidie hata kwa kukohoa. Sitaanza na bilauri wala na kuvu, hayo atayasikia akitaka kuyasikia. Nitaanza na hiyo shikamoo. Akiitikia, tutaingia wote wawili. Asipoitikia, wewe ingia, ule, ulale, maana wewe amekukubali. Mimi nitakaa nje ya ua wake, na kukipambazuka nitamwamkia tena.

Baba yako,
Antoni